Je, mapitio ya kimfumo pekee ndiyo yatuoneshe pengo la utafiti?

Hoja iliyo mezani inasema kwamba mfadhili wa utafiti wa afya ya jamii asitoe fedha mpaka mwombaji athibitishe, kwa mapitio ya kimfumo ya ushahidi uliopo (yaani kukusanya na kupima kwa utaratibu maalumu tafiti zilizokwisha kufanyika), kuwa swali lake halijajibiwa. Ninaikubali nusu, na ningependa wanaoikubali yote wanipinge.

Nusu ninayoikubali ni nyepesi. Aprotinini, dawa iliyotumiwa kupunguza upotevu wa damu katika upasuaji wa moyo, ilifanyiwa majaribio 64 kati ya 1987 na 2002, ilhali uchambuzi wa mwaka 2005 ulionesha kuwa manufaa hayo yalikwisha kuthibitika katika jaribio la 12, mwaka 1992. Yaliyofuata yaliuliza lililokwisha kujibiwa.

Tatizo langu ni kwamba mapitio hupima kilichochapishwa, nayo machapisho hufuata fedha zilikokwenda. Chukua kotikosteroidi, dawa anazopewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaoandaa mapitio ya kimfumo ya afya, yalikuwa yamefunga suala hilo: dawa huokoa watoto njiti. Lakini majaribio mengi yaliyojumuishwa yalifanyika katika hospitali zenye vifaa kamili. Mwaka 2015 jaribio la dawa hizo liitwalo ACT, lililofanyika katika nchi sita za kipato cha chini na cha kati, halikuona nafuu kwa watoto waliozaliwa wadogo, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka kwa takriban 3.5 katika kila vizazi hai 1,000. Kisha mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani, katika hospitali zilizoweza kukadiria umri wa mimba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na kuwahudumia watoto njiti, likaona vifo vikipungua. Pengo lilikuwa katika mazingira ya huduma, wala si katika dawa yenyewe, na kwa kanuni inayopendekezwa hapa mwombaji wa ACT angeweza kuambiwa kuwa swali lake limekwisha.

Ndiyo maana napendelea utaratibu wa James Lind Alliance, ulioanza Uingereza mwaka 2004: wagonjwa, walezi na wahudumu hutaja kwanza yanayowatatiza, ndipo maswali hayo yapimwe dhidi ya mapitio. Najua utaratibu huo nao unaweza kutekwa na wenye sauti kubwa. Kwa wanaoshikilia kanuni kali, nauliza hivi: mapitio yasiyopata utafiti hata mmoja yanatuambia kwamba swali ni muhimu, au kwamba hakuna aliyewahi kulijali?