Ninataka kuanza kukereza mbao na kutengeneza kalamu: nianzie wapi hapa Nakuru?

Mwalimu wa Njoro

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, ninaishi Njoro, na nimebakiza miaka miwili nistaafu. Mwanafunzi niliyemfundisha zamani alinizawadia kalamu yenye mwili wa mbao ya mzeituni wa mwituni, mti ambao majirani zangu huuita mutamaiyo na ambao kwa miaka yote niliyoishi huku nimeuona ukiishia kuwa makaa. Sikujua kwamba ndani yake mna michirizi ya kahawia na manjano inayopendeza kiasi hicho. Tangu siku hiyo nimetamani kujifunza kazi hii ya kuchonga kwa patasi mbao inayozungushwa na mashine, si kwa ajili ya biashara, bali niwe na shughuli ya mikono nitakapokuwa sina tena madaftari ya kusahihisha.

Kijana wangu ananishauri niagize kila kitu kwa intaneti, lakini nikipiga hesabu ya usafiri na ushuru ninaona kwamba huenda fundi wa jua kali akaniundia mashine kwa fedha pungufu. Je, mashine ya namna hiyo inafaa kwa kitu kidogo kama kalamu, na itaendeshwa na umeme wa kawaida wa nyumbani? Tena, mbao ninazozipata kwa urahisi ni grevilea na jakaranda za shambani, pamoja na mabaki ya saipresi kutoka kwa wapasua mbao wa Elburgon. Naomba kuambiwa kama zinafaa.

Fundi wa Kibuye

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi hukereza miguu ya meza na nguzo za ngazi karibu na soko la Kibuye, na kalamu huzitengeneza baada ya kazi. Mashine ya jua kali inafaa, mradi umweleze fundi mambo ambayo yeye, kwa kuzoea miguu ya vitanda, hatayafikiria.

La kwanza ni ulinganifu. Mguu wa kitanda ukipotoka milimita moja hakuna atakayeuona, lakini kalamu ikipotoka hivyo itakuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kwa hiyo, kabla hujalipa fedha ya mwisho, sogeza kichwa cha nyuma, kile kinachoegemeza mbao, hadi ncha yake ikutane na ncha ya kichwa cha mbele, kile kinachoizungusha. Zisipokutana kabisa, mrudishie airekebishe. Pia mwombe mhimili wa mbele utobolewe tundu la koni la Morse namba 2, ambacho ni kipimo cha kawaida cha viwandani, na kichwa cha nyuma vivyo hivyo. Kazi hiyo hufanywa na fundi wa kukereza vyuma, na bila tundu hilo huwezi kuuingiza ule ufito wa chuma unaoshikilia vipande vya kalamu.

Kuhusu umeme, mota ya nusu nguvu ya farasi inatosha, lakini hakikisha ni ya fezi moja, yaani ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Niliwahi kuuziwa mashine kuukuu nzuri sana, nikaibeba hadi nyumbani, ndipo nikagundua kwamba mota yake ni ya fezi tatu. Nikalazimika kununua mota nyingine. Mota nyingi utakazozipata huzunguka takriban mara 1,440 kwa dakika, na kasi hiyo ni ndogo kidogo kwa kalamu. Ukifunga puli ya milimita 120 kwenye mota na ya milimita 75 kwenye mashine, utapata mizunguko kama 2,300, ambayo inakata vizuri kipande chembamba. Omba puli za ngazi, zenye vipimo kadhaa pamoja, ili uweze kuhamisha mkanda na kupunguza kasi siku utakapotaka kukereza bakuli.

Fedha utakazookoa kwenye mashine, ziweke kwenye patasi na jiwe la kunolea. Ninasema hivi kwa sababu nimewaona wengi wakiilaumu mashine ilhali patasi zao ni butu. Zinakutosha patasi ya mviringo ya kuondolea pembe, patasi bapa yenye makali ya mshazari, na ile nyembamba ya kukatia. Za kiwandani za chuma cha kasi (HSS), kisichopoteza makali upesi, ni bora, ingawa zile zinazofuliwa kwa springi za gari nazo hukata vizuri, isipokuwa makali yake huisha upesi. Usikubali kamwe patasi iliyotengenezwa kwa tupa ya zamani, kwa kuwa chuma cha tupa ni kigumu lakini hakina unyumbufu, na mbao ikiikamata ghafla huvunjika na kipande chake kikarukia uso wako.

Vaa kinga ya uso, wala si miwani pekee. Usivae glavu, tai wala mikono mirefu iliyolegea, na uzungushe kipande kwa mkono mara moja kabla ya kuwasha, uone kwamba hakigusi popote.

Dada wa Kakamega

Mwalimu, Fundi amemaliza habari ya mashine, nami naomba niseme juu ya mbao, kwa sababu ndiyo iliyonitoa machozi. Kalamu yangu ya tatu niliitengeneza kwa mpera uliokatwa miezi miwili tu kabla, nikampelekea mjomba wangu Nakuru. Ilikuwa laini kama yai. Baada ya wiki chache alinipigia simu kuniambia kwamba imepasuka kutoka juu hadi chini. Ndani ya mbao ya kalamu mna mrija wa shaba ya manjano, na mrija huo haunywei. Mbao ikiendelea kukauka hujaribu kunywea juu ya mrija, na kwa kuwa haina pa kwenda, hupasuka. Tena huku kwetu na Kisumu hewa ina unyevu kuliko ya Nakuru, kwa hiyo mbao inayoonekana kavu huku inaweza kuendelea kukauka ikifika kwenu.

Sasa ninafanya hivi. Ninapasua vipande vya milimita 20 kwa 20 vyenye urefu wa kama sentimita 13, ninapaka ncha zake nta ili visipasuke kwa kukauka haraka upande huo, kisha ninavipanga stoo penye kivuli na upepo. Kila Jumamosi ninapima kipande kimoja kwa mizani ya jikoni na kuandika uzito wake juu yake kwa penseli. Uzito ukibaki uleule wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari. Wazee husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na hesabu hiyo haiko mbali na kweli, lakini mizani haina kubahatisha.

Grevilea yako inafaa sana. Ukiipasua vizuri utaona madoa yanayong'aa kama hariri, ila vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu, basi vaa barakoa na unawe mikono. Jakaranda ni nyepesi na hukatika kwa urahisi. Saipresi ni laini mno kwa kalamu ya kudumu, lakini jifunzie kwayo patasi hadi uchoke.

Kwenye utengenezaji wenyewe, makosa mengi hutokea wakati wa kutoboa. Seti ya kawaida ya vyuma vya kalamu nyembamba hutumia keekee ya milimita 7. Chora mstari kwenye kipande kabla ya kukikata vipande viwili, ili michirizi ikutane tena mwishoni, na unapotoboa, toa keekee kila mara uondoe unga, kwani joto likizidi mbao hupata ufa usioonekana. Kwaruza mrija kwa msasa ndipo uutie gundi. Ukishafunga vipande kwenye ufito, usikaze kichwa cha nyuma kwa nguvu. Ufito hupinda, na utashangaa kwa nini kalamu si duara wakati mashine ni nzima.

Ukitaka kung'arisha kwa supagluu, paka kwa karatasi ya tishu na kamwe usitumie pamba, kwa sababu gundi hiyo ikikutana na pamba huwaka joto na kutoa moshi. Mimi siku hizi ninapendelea nta ya nyuki. Haidumu sana, lakini mkono unaigusa mbao yenyewe.

Mpwani aliyehamia Bungoma

Nimefurahi kuona neno kukereza likitumika. Kwetu Lamu mashine hiyo huitwa keezo, na miguu ya vitanda vya kale ilikerezwa kwayo kabla umeme haujafika. Ninaongeza jambo dogo tu: waulize wakulima wa kahawa wanapokata mashina yaliyozeeka. Mti wa mbuni ni mgumu, rangi yake ni ya krimu, na kwa kuwa ni mwembamba watu huufanya kuni. Huku Bungoma nimepewa mzigo mzima bure, na nadhani Subukia na Solai hali ni hiyohiyo. Mpingo uuache kwanza. Tangu 2017 mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia, umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo ukitaka kuuza mbao yake nje ya nchi utahitaji vibali.

Mwalimu wa Njoro

Ninawashukuru nyote. Fundi, nimeandika habari ya koni namba 2 kwenye daftari nitakalokwenda nalo. Dada, nina gogo la mutamaiyo lililokaa stoo miaka minne. Je, hilo nalo linahitaji kupimwa?

Dada wa Kakamega

Lipime, Mwalimu, tena baada ya kulipasua. Gogo zima, hasa la mti mzito kama huo, hukauka nje na kubaki na unyevu katikati kwa muda mrefu. Pasua vipande sasa, upake ncha nta, uviweke kando, na kalamu zako kumi za kwanza uzifanye kwa grevilea na mbuni wakati mutamaiyo unasubiri.