Tupeane uzoefu: vitafunwa vyepesi vya msimu wa baridi

Mwanzisha Mada

Ndugu zangu, salamu nyingi. Kwa walio kaskazini ya dunia baridi ni Desemba hadi Februari, kwa walio kusini ni Juni hadi Agosti. Popote ulipo, msimu huo ukifika jua linazama mapema, watu wanajifungia ndani, na mkono unaanza kutafuta kitu cha kutafuna. Miaka mingi mkono wangu uliishia kwenye biskuti tamu. Moja, mbili, pakiti imekwisha, na bado najihisi sijala kitu.

Kilichonibadilisha ni ugonjwa wa mama. Aliambiwa apunguze sukari na chumvi, nami sikuwa na moyo wa kukaa mbele yake nikila vile alivyokatazwa. Tukaanza kutengeneza vyetu. Hapo ndipo nilipoona kwamba wakati wa baridi raha ya kitafunwa huanzia jikoni, kabla hujakitia mdomoni. Ule moto, ile harufu, zile dakika za kusubiri mkiwa pamoja karibu na jiko, hazipatikani kwenye pakiti.

Chetu sisi ni bisi za sufuria. Chukua sufuria yenye kitako kizito, tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na punje tatu tu, funika. Zote tatu zikishapasuka, ujue mafuta yamepata moto. Mwaga nusu kikombe cha punje, epua kwa sekunde thelathini, halafu rudisha motoni. Kule kuepua ndiko kunakofanya punje zote zishike joto kwa pamoja, zipasuke karibu wakati mmoja, na za chini zisiungue. Mfuniko uache wazi kidogo upande mmoja mvuke utoke, la sivyo bisi zinalowa na kuwa ngumu kutafuna.

Mama hukaa kwenye kiti chake, viganja ameelekeza kwenye sufuria, anasikiliza. Mipasuko ikianza kuachana kwa sekunde mbili tatu, anasema, "Epua." Hajawahi kukosea. Chumvi tunanyunyiza kwa vidole, maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, na hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi.

Karibuni. Nyinyi mnakula nini?

Mama wa Watatu

Ahsante kwa mada, na Mungu ampe mama afya. Kwangu ni viazi vitamu vya kuoka. Wanangu wakirudi shule vidole vimekufa ganzi, nampa kila mmoja kiazi kimoja kizima kilichofungwa kwenye kitambaa. Kwanza wanakishika tu. Mdogo hukiweka shavuni. Kula kunakuja baadaye.

Mwanzoni nilikosea vibaya. Nilikuwa na haraka, nikawasha oveni hadi mwisho, ganda likaungua na ndani kiazi kikawa hakina ladha kabisa. Mama mmoja mzee, jirani yangu, akaniambia, "Mwanangu, kiazi hakitaki kukimbizwa. Kitie oveni ikiwa bado baridi." Nikafanya hivyo, nikakiacha zaidi ya saa nzima kwa moto wa wastani. Kilipotoka kilikuwa kinavuja utomvu mweusi kama asali ya zamani, na sikuwa nimetia kitu chochote.

Nilitaka kujua sababu, nikasoma. Kumbe ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachovunja wanga na kuugeuza sukari, na kinafanya kazi vizuri kiazi kikiwa kati ya nyuzi joto 60 na 75 hivi. Ukikipitisha hapo mbio, kimeng'enya kinaharibika kabla hakijamaliza kazi. Ukikipitisha polepole, utamu unajitengeneza wenyewe. Nilipomwambia yule mama alitabasamu tu, alikuwa ameoka viazi hivyo maisha yake yote.

Kijana wa Bweni

Sisi tusio na oveni tusisahaulike. Nina birika la umeme na bakuli moja. Nakwangua tufaha zima na ganda lake, natia shayiri iliyobapwa, mdalasini kidogo, namwagia maji yanayochemka na kufunika kwa sahani dakika kumi. Chumba kizima kinanukia. Wenzangu wawili sasa wanakuja na bakuli zao, na kipindi cha mitihani tulikuwa tunakutana kila usiku saa nne. Niko mbali na nyumbani, na zile dakika kumi zilinisaidia kuliko ninavyoweza kueleza.

Zamu ya Usiku

Kazi yangu ni ya usiku, nje, na baridi yake naijua. Nabeba karanga nilizokaanga mwenyewe bila mafuta, na machungwa mawili.

Karanga zinataka moto mdogo na mkono usiotulia. Ziepue zikiwa bado hazijafikia rangi unayoitaka, uzitandaze kwenye sinia, maana zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe hata zikiwa nje ya moto. Ukisubiri ziwe kahawia kikaangoni, zitakuwa chungu. Zilizobaki zitie kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pa baridi, kwa sababu mafuta yake yanaharibika upesi na unasikia kabisa ile ladha ya kuchacha.

Machungwa ni kwa sababu baridi inaficha kiu. Nilikuwa namaliza zamu kichwa kinauma, nikidhani ni usingizi, kumbe sijanywa maji tangu jioni. Chungwa moja la wastani lina vitamini C karibu miligramu 70, lakini mimi nalipenda zaidi kwa maji yake. Na saa tisa usiku, ukilimenya gizani, ile harufu inayoruka kwenye vidole inakuamsha.

Baba Mlezi

Naomba niseme jambo zito kidogo. Bisi na karanga, nzuri kama zilivyo, si za mtoto aliye chini ya miaka minne. Nasema kwa yaliyonikuta. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, tumekaa sote sebuleni kwenye baridi, tunakula karanga, tunacheka. Akaokota moja. Sekunde chache tu, akaanza kukohoa, kisha kikohozi kikakatika na midomo ikabadilika rangi. Nilimlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, nikampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja hadi ikatoka. Tulimpeleka hospitali wakamwangalia, akawa salama. Mimi usiku ule sikulala.

Tangu hapo cha familia nzima ni tufaha la kuoka. Natoa kokwa kwa juu bila kutoboa chini, najaza tende zilizopondwa na mdalasini, naweka kwenye sinia lenye maji kidogo, nyuzi 180, dakika arobaini hivi. Linalainika kiasi kwamba mtoto analila kwa kijiko. Hadi leo tunakula wote kitu kimoja, hakuna wa kuambiwa "hiki si chako".

Mwanzisha Mada

Baba Mlezi, pole sana, na ahsante kwa kutueleza. Wenye watoto wadogo msipite haraka hapo.

Mpenda Asali

Mimi naweka asali kwenye kila kitu: chai ya tangawizi, shayiri, hata bisi. Asali ni ya asili, haina shida.

Mama wa Watatu

Ndugu yangu, hata mimi naipenda, lakini hapo tusidanganyane. Shirika la Afya Duniani linahesabu asali kwenye kundi moja na sukari ya kuongeza, ile inayotakiwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha tangawizi, sawa. Kila kitu, hapana. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, hata ya kulamba, kwa ajili ya vijidudu vinavyoweza kumpooza.

Mpenda Asali

La mtoto sikulijua. Nina mjukuu wa miezi minane. Ahsante sana, dada.

Mpishi wa Nyumbani

Nami nidokeze moja: kakao. Unga mtupu wa kakao usiotiwa sukari, ukoroge kwanza na maziwa baridi vijiko viwili hadi uwe uji mzito, ndipo umimine maziwa moto. Ukiutupa moja kwa moja kwenye maziwa moto unafanya mabonge yasiyokorogeka. Tende moja iliyopondwa inatosha kwa utamu.

Mgeni Jikoni

Mwanzisha Mada, nimefuata maelezo yako hatua kwa hatua. Karibu nusu ya punje hazikupasuka. Mfuko ulikaa wazi kabatini tangu mwaka jana. Nizitupe?

Mwanzisha Mada

Usitupe. Zimekauka. Punje ya bisi inapasuliwa na maji yaliyomo ndani yake, kama asilimia 14 ya uzito wake. Yakigeuka mvuke yanasukuma ganda hadi linaachia, kwenye nyuzi 180 hivi. Maji yakipungua, hakuna cha kusukuma. Zitie kwenye chupa yenye mfuniko, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji kwa kila vikombe vitatu vya punje, tikisa vizuri, funga. Tikisa tena mara kadhaa kwa siku. Jaribu baada ya siku tatu.

Mgeni Jikoni

Leo ni siku ya nne. Tulizima taa zote za jikoni, tukasimama wanne kuzunguka sufuria, binti yangu ndiye aliyesema "epua". Chini zimebaki punje kumi na moja. Tumezihesabu.