Mkaa au gesi: ni uchungu na misitu au ni uwezo wa mfuko?

Mleta mada: Ndugu zangu, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kampeni zake hutukumbusha kila mara misitu inayoteketea. Hoja yangu ni kwamba mpishi anazijua habari hizo tangu shule ya msingi, ila si zinazomwamulia anunue nini jioni. Anayelipwa kwa siku pale Manzese hununua mkaa wa kupimiwa kwa kopo, unaotosha mlo mmoja, ilhali mtungi wa kilo 6 ukiisha muuzaji hapokei nusu ya bei. (Mitungi iliyogawiwa bure mikutanoni haikuja na fedha za kuijaza tena.) Kenya iliitoza gesi ya kupikia VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikaipunguza hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa 2023; yaani watunga sera wenyewe wanajua kuwa kinachoamua ni bei.

Mchangiaji: Hoja ya kopo naiafiki, lakini haielezi nyumba za wenye mishahara, zenye mtungi wa kilo 15 jikoni na gunia la mkaa stoo. Huko gesi ni ya chai na mayai, huku maharage, makande na makongoro yakipelekwa kwenye mkaa kwa hofu ya kumaliza mtungi, ingawa jiko la umeme la presha hupika maharage bila kufikisha uniti moja. Hawa hawakwamishwi na bei. Wanakwamishwa na mazoea, na msitu unaokatwa Kilwa au Handeni hawauoni.

Mleta mada: Hapo umenibana, ndugu yangu. Hata hivyo, mifuko ya rambo ilitapakaa mitaroni mbele ya macho yetu na hatukuiacha hadi katazo la Juni 1, 2019, na hata baada ya hapo wengi walihamia kwenye vifungashio vyepesi vya plastiki. Ukisema basi mkaa nao utozwe ushuru mzito ili mwenye gunia stoo ashtuke, wa kwanza kuumia atakuwa yule wa kopo. Mimi ningeanza na mitungi yenye mita, ambayo mtu hulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, ndipo tuzungumzie ushuru. Wewe ungeanzia wapi?