Vyombo vya rangi vya bibi, kuna mtu anataka boksi zima, naombeni ushauri

mjukuu_mafinga:
Habari zenu wadau. Bibi yangu alikuwa mpishi kwa wazungu kwenye mashamba ya chai huku Mufindi, walipoondoka wakamwachia boksi la vyombo vya glasi, amevitunza kabatini mpaka leo vinatoka sikukuu tu. Kuna sahani sita za kijani kama limao, bakuli la rangi ya chungwa ambalo ukiligeuza kwenye mwanga linatoa rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, bilauri mbili nyekundu, na sahani za kahawia nyingi tu. Juzi kaja jamaa ananunua vitu vya zamani anasema anatoa elfu 60 kwa boksi zima na achukue siku hiyohiyo. Bibi anataka hela ya mbolea, mvua hizi hapa, lakini mi roho inasita. Hivi vitu vinatambulikaje, na bei yake mtu anaijuaje?

fundi_kihesa:
Mwambie bibi shikamoo, na asiuze boksi zima. Anza na hizo za kijani, nenda kwa wakala yeyote mwenye ile taa ya UV ya kukagulia noti, zima taa ya ndani halafu mulika. Zikiwaka kijani kikali kama zina taa ndani yake hizo zina uraniamu, zamani viwandani Ulaya walikuwa wanaichanganya ili wapate rangi hiyo, na wakusanyaji wanazitafuta sana. Zikiwaka kwa mbaali inaweza kuwa manganizi tu, madini mengine yaliyokuwa yanatiwa kwenye glasi, usichanganye. Kuziweka kabatini hazina shida ila mi nisingelia chakula humo kila siku, hasa vitu vya ndimu.
Za kahawia geuza chini, ukikuta Duralex na France hizo kila nyumba ya zamani hapa Iringa zilikuwepo, hazina bei kubwa. Na ile namba ya katikati ni namba ya kalibu, sio umri, watu wanadanganyana sana hapo.

dada_uyole:
Niongezee kwenye bakuli, hilo linaitwa carnival. Wamarekani wa kiwanda cha Fenton walianza kuyatoa 1907 hivi, baadaye kiwanda cha Sowerby cha Uingereza nao wakatengeneza, na kwa kuwa mabosi wa bibi walikuwa wa chai mi ningewaza la Uingereza kwanza. Tafuta chini maandishi yamebonyea kwenye glasi, Rd halafu namba. Hiyo ni namba ya kusajili mchoro kule Uingereza, walianza 1884 na namba moja, kufika 1900 walikuwa laki tatu na nusu hivi, ikianza na 75 na ina tarakimu sita basi ni karibu na 1930. Kumbuka ni mwaka wa mchoro, bakuli lenyewe linaweza kuwa limetoka baadaye.
Bilauri nyekundu angalia ukingo wa mdomo. Kama wekundu umepakwa juu utaona mstari mweupe pale palipochubuka. Kama ni nyekundu mpaka ndani inaweza kuwa ile iliyotiwa dhahabu, ndio dhahabu hii hii wanayochimba Chunya, kidogo sana inatosha kuipa glasi wekundu. Ila nyingine zimetiwa seleniamu badala ya dhahabu, kwa macho huwezi kujua.
Bei: ingia eBay, usiangalie anachoomba muuzaji, chagua vilivyouzwa tayari. Mtu anaweza kuandika dola 200 kikae miaka mitatu hakijaguswa. Halafu pitisha ukucha mdomoni kote, ukikwama pamemeguka, na hapo bei inashuka sana. Na jamani msivisugue na stilwaya wala majivu, ile rangi ya carnival ipo juujuu inatoka!

mjukuu_mafinga:
Nimerudi. Sahani nne zimewaka mpaka wakala mwenyewe kaita watu waje kuona, mbili hazijawaka kabisa, kumbe hata sio seti moja. Bakuli lina Rd na namba inaanza na 75!! Bilauri zina mstari mweupe mdomoni. Nimempigia jamaa nikamwambia boksi haliuzwi, hapohapo akasema basi atatoa elfu 60 hiyohiyo kwa bakuli peke yake. Nimekataa. Bibi ameamua bakuli na zile nne ndizo zitafutiwe mteja, za kahawia hataki kusikia, anasema ndizo alizopakulia harusi ya mama. Sasa nikizileta Iringa kwa basi nafungashaje?

fundi_kihesa:
Kila moja izungushie nguo peke yake, sahani zisimamishe kwa ubavu usizilaze moja juu ya nyingine, bakuli ulijaze nguo ndani. Boksi upakate mwenyewe, usikubali liende kwenye buti. Ukifika Ipogolo nishtue nije nikupokee.