Tunajenga Wete: tuogope tetemeko, upepo au maji?

Mjenzi_Wete: Assalaamu alaykum. Tunajenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya Wete: matofali ya saruji ya inchi 6, juu bati. Kiwanja kimeinamia bonde la mpunga. Kuta zimefika usawa wa linta (mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha). Tangu litikisike lile tetemeko la Agosti 12, 2020, wazee wana hofu. Fundi anasema Pemba hakuna tetemeko, tutie pesa kwenye bati zito. Zilizobaki hazitoshi kufanya yote. Tuanze na lipi?

Fundi_Mtemani: Wa alaykum salaam. Lile la 2020 lilikuwa na ukubwa wa 6 hivi, kitovu baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, ndiyo maana huku tulitikisika tu. La Bukoba, Septemba 10, 2016, lilikuwa 5.9, likaangusha nyumba nyingi na kuua watu, kwa sababu kitovu kilikuwa jirani na kuta nyingi hazikufungwa. Ukuta wa tofali usiofungwa hufunguka kwenye kona kwanza.

Mwaga linta moja inayozunguka nyumba nzima, kuta za ndani pia. Upana sm 15, kimo sm 20, nondo nne za mm 12, ringi (pete za kuzifunga nondo pamoja) za mm 6 kila sm 20, zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Pale mafundi wengi wanapoharibu ni konani: wanakata nondo zikaishia pale pale. Zikunjwe zipinde kona, zipandane sm 60. Mchanga wa pwani usiuguse, chumvi yake inakula nondo mpaka zege linapasuka. Mwagilia maji siku saba.

Kabla hujamwaga, acha vipande vya nondo ya mm 8 vimejitokeza juu kila sm 90, uje kuifungia mbao ya kenchi (fremu ya paa). Hapo mkanda mmoja unashika ukuta na unashika paa.

Mkaazi_Bondeni: Namuunga mkono fundi, ila kwa mteremko ule mimi ningeanza na maji. Tetemeko halina msimu, masika yanakuja kila mwaka. Waulize majirani wazee maji ya bonde yaliwahi kufika wapi, weka alama, sakafu ipande sm 60 juu yake. Chimba mtaro upande wa juu wa kiwanja, uyazungushe maji kabla hayajagusa msingi. Msingi ukichimbwa na maji chini ya kona moja, ukuta utapasuka mshazari bila tetemeko lolote. Na shimo la choo likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini, maana mafuriko yakivichanganya ni kipindupindu.

Seremala_Kojani: Kuhusu bati zito: kinachong'oa paa ni upepo unaoingia chini ya ukingo. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifika mpaka Mafia, na tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, kwa hiyo tusijidanganye kwamba vimbunga ni vya Msumbiji tu. Ukingo usitoke nje zaidi ya sm 45. Paa la baraza lijengwe mbali na la nyumba, likienda liende peke yake. Pembeni misumari iwe karibu karibu kuliko katikati, na ncha zikunjwe.

Mji_Mkongwe: Kwa wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa shida ni nyengine. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe Unguja, iliporomoka sehemu Disemba 25, 2020, bila tetemeko. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani, na vichwa vya boriti vinaoza pale vinapoingia ukutani, mahali ambapo huvioni. Kwa ufa, bandika kipande cha plasta ya jasi juu yake, andika tarehe. Kikipasuka, ukuta bado unatembea. Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara. Usikimbilie kichochoroni, vitu vya juu huko ndiko vinakoanguka.

Chaza_Mwani: Na bahari msiisahau. Desemba 26, 2004, mawimbi yaliyotoka Sumatra yalifika pwani yetu baada ya zaidi ya saa saba. Kitovu kikiwa karibu, muda ni wa dakika. Kina mama wa mwani wanajua maji kupwa ya bamvu (siku bahari inapotoka mbali zaidi) yanafika wapi. Bahari ikikauka si saa yake, au ardhi ikitikisika muda mrefu mpaka kusimama kunakuwa kazi, waachie vikapu wapande mlima. Wasirudi kwa wimbi la kwanza, yanayofuata huwa makubwa zaidi mara nyingi.

Mjenzi_Wete: Nakushukuruni. Tatizo, linta za milango miwili zimeshamwagwa vipande vipande. Tuvunje? Na tangi la lita 1,000 lilipangwa juu ya zege la choo.

Fundi_Mtemani: Msivunje. Pandisheni mistari miwili ya tofali juu yake, kisha mwageni ule mkanda wote pale juu, chini ya kenchi. Madirisha yasisogee kona kwa chini ya sm 60. Tangi hilo likijaa ni tani nzima juu ya kichwa cha choo. Lishusheni, likae chini kwenye jukwaa la tofali la nusu mita, bomba litafika tu.