Tezi ya shingo iliyolegea: watu wa Lamu na Malindi, tupeane uzoefu

Kofia ya Vito
Mtu akijifunika shuka Lamu mwezi wa Februari, wenziwe wanalala darini kwa joto, msimwambie kahusudiwa. Akapime damu, kipimo cha TSH, homoni itokayo kichwani kuihimiza tezi. Dalili hunyemelea, ndipo husingiziwa uzee au uzazi: choo kigumu, ngozi kavu kama ng'onda, sauti nzito, hedhi nyingi, nyusi kunyonyoka upande wa nje. TSH juu na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) chini, tezi imechoka. TSH ikipanda kidogo na T4 iko sawa, mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya miezi miwili mitatu. Mjamzito hangojeshwi.

Bi wa Shela
Haswa. Ila mtu akinenepa kilo 20, zote msiitwike tezi. Nyingine ni mahamri.

Mwani Safi
Dawa ya nini? Unga wa mwani kijiko kimoja asubuhi, kwisha.

Kofia ya Vito
Shehe, utaua watu! Chumvi ya dukani ina iodini tayari. Penye iodini ya kutosha, sababu kubwa ni Hashimoto, kinga ya mwili kuila tezi. Iodini ya mwani haipimiki, nayo ikizidi huizima tezi iliyobaki.

Mwani Safi
Wazungu wanaununua kwa bei.

Gongoni Juu
Wauzie. Levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 hukaribia 100. Mzee au mgonjwa wa moyo huanzia 25 au chini, ukimkurupusha moyo utamwenda mbio. TSH irudiwe wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo dawa haijatulia mwilini, kubadilisha dozi ni kubahatisha.

Bi wa Shela
Na maji matupu! Si kahawa chungu. Nusu saa kabla ya kula, saa nzima ni bora. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali kwa muda wa saa nne.

Mkunguni
Ramadhani je?

Gongoni Juu
Usiku, zikipita saa tatu tangu chakula cha mwisho. Au amka mapema, umeze, ndipo ule daku. Shika njia moja.

Mkunguni
Mie huambiwa ni daku tu.

Kofia ya Vito
Mnabishana daku, la kuogopa hamlisemi. Aliyeacha dawa miezi, kisha akapata nimonia au akapewa dawa ya usingizi: mwili baridi, mapigo ya polepole, anasema ovyo, pumzi za kuhesabu. Huyo hangoji asubuhi, boti itafutwe usiku huo. Mfunikeni blanketi tu. Chupa za maji moto hutanua mishipa, presha ikaanguka. Na msimnyweshe kitu, atapaliwa.

Bi wa Shela
Ya Rabi. Na vidonge visiwekwe juu ya friji, pale pana joto.

Mwani Safi
Basi mwani wa kupaka usoni unafaa?