Naomba ushauri: bata mzinga mwitu anaitika ila hasogei

Wakuu, mnaowinda bata mzinga mwitu huku Marekani, naomba msaada. Niko Missouri. Alfajiri, dume akiwa bado juu ya mti anaolalia, nikiiga mlio wa jike kwa sauti ya chini ananijibu vizuri. Akishashuka anakuja, kisha anasimama nje kidogo ya masafa ya bunduki yangu ya marisau, anatanua mkia na kuzunguka palepale kama bwana harusi anayesubiri kuletewa mke. Kwa desturi ya ndege hawa jike ndiye humfuata dume, kwa hiyo nadhani ananingoja mimi nitokee.

Sasa, ninyamaze au niendelee kuita? Mwenzangu mmoja anasema nikwaruze majani makavu kwa mkono, kama jike anayechakura. Mwingine anasema dume akiwa na majike, niwaite wao, naye atafuata. Kuiga mlio natumia kisanduku cha mbao cha kusugua, lakini kinataka mikono yote miwili na macho ya ndege huyu hayana mchezo. Kile kifaa cha kuitia cha kubana mdomoni kwenye kaakaa kinanitia kichefuchefu, mlikizoeaje? Kumnyatia sitaki, maana wawindaji wengine nao wanausikia mlio wangu, wanaweza kunidhania ndege wakanipiga risasi.